Mashine ya Kigeni na Mkono wa Fundi



Mashine ya kigeni peke yake haileti faida. Wajapani walinunua mashine za kufumia nguo kwa Waingereza, lakini hawakuishia kuziendesha tu. Walijifunza jinsi zilivyotengenezwa. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda na mwanawe wakatoa mashine inayosimama yenyewe uzi ukikatika, hata mtu mmoja akaweza kuangalia nyingi. Mwaka 1929 kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, ikanunua haki ya kuitengeneza. Mwanafunzi amemwuzia mwalimu!

Basi, mtambo mpya ukiletwa karakanani, tusiukatae. Tudai mafunzo kwanza. Fundi asiyefundishwa huharibu, kisha hulaumiwa yeye. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.