Wanafunzi wa Ng'ambo Wakija na Mradi, Mwalimu ni Wewe

(Hii ni hotuba aliyoitoa katibu wa kikundi kimoja cha maji katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeifupisha kidogo tu.)



Nimeombwa niseme juu ya wanafunzi wa uinjinia wanaotoka ng'ambo kuja kufanya miradi vijijini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilipata barua kutoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Wanafunzi wanane walitaka kuja kwa wiki sita watuwekee pampu ya mkono kwenye kisima chetu. Katibu ni mimi, na nilisaini siku hiyo hiyo. Sikuuliza swali hata moja. Nilifikiri ukimwuliza mgeni maswali mengi utamfukuza, aende na baraka zake.

Vijana walikuja na wakafanya kazi kweli kweli. Walibeba mawe pamoja nasi, wakala ugali na sukuma wiki, wakacheza na watoto. Siku ya kufungua mradi tulichinja mbuzi, picha zikapigwa, wakaenda zao.

Baada ya miezi saba, washa ya mpira iliyo ndani ya pampu ilipasuka. Ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Tulizunguka maduka ya vifaa hapa kwetu, tukatuma mtu mpaka Nairobi, saizi ile haikupatikana. Fundi wetu wa baiskeli akakata mpira wa tairi kuukuu, ukashika wiki mbili tu. Tukaandika barua chuoni. Tukajibiwa kwamba wale vijana wamekwisha kumaliza masomo, na wanafunzi wapya wamepewa mradi katika nchi nyingine.

Akina mama wakarudi mtoni. Mama mmoja alipita mbele ya boma langu na mtungi mgongoni, akasimama, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Katibu, siku ile ulisaini nini?" Sikuwa na jibu.

WANAKUJA KUFANYA NINI?

Tangu siku hiyo nimejaribu kuelewa wageni hawa ni akina nani. Vyuo vingi vya uinjinia ng'ambo vimeona kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza yote ubaoni. Basi humtuma nchi nyingine akafanye kazi halisi na watu halisi, na kazi hiyo apewe maksi. Chuo kimoja cha Marekani kinachojulikana sana kwa jambo hili ni Worcester Polytechnic Institute. Huko muhula mmoja ni wa wiki 7. Wanafunzi hujitayarisha kwanza nyumbani, kisha husafiri na kufanya mradi kwa muhula mmoja, halafu huandika ripoti.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwanafunzi huyu yuko shuleni, na kijiji chako ndicho darasa lake. Hilo si kosa. Hata anayejifunza cherehani hujifunzia kitambaa cha mtu. Ubaya ni pale mwenye kitambaa hana habari, akidhani amemletea fundi aliyebobea. Na wiki 7 ni chache. Mahindi hayajatoa hata mbelewele, mgeni amekwisha kufunga mizigo.

KUNA WALIOFANYA VIZURI

Msidhani nawakataza kuwapokea. Hebu niwape mifano miwili.

Mwaka 2000 Profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alialikwa katika kijiji cha San Pablo, nchi ya Belize, Amerika ya Kati. Aliona wasichana wadogo wakichota maji mtoni na kuyabeba, na kwa sababu ya kazi hiyo hawakwenda shule. Kijiji hakikuwa na umeme. Profesa alirudi huko na wanafunzi wake wanane, na pamoja na wanakijiji wakaweka pampu inayosukumwa na nguvu za maporomoko ya maji ya hapo hapo. Hakukuwa na dizeli ya kununua. Kutokana na kazi ile alianzisha mwaka 2002 shirika linaloitwa Engineers Without Borders la Marekani, lenye matawi ya wanafunzi katika vyuo vingi. Shirika hilo lilikuja kuweka sharti kwamba tawi lishikamane na kijiji kwa miaka isiyopungua 5, na wanakijiji nao wachange sehemu ya gharama. Kumbe walijua kwamba ziara moja haitoshi!

Mfano wa pili ni wa karibu na kwetu. Mwaka 2005 mwanafunzi wa chuo cha MIT, Amos Winter, alifika Tanzania kuangalia jinsi walemavu wanavyotembea na viti vya magurudumu. Aliona kiti cha kawaida kinashindwa na mchanga, matope na vilima. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kusukumwa kwa mikono inafaa barabarani, lakini ni kubwa mno kuingia nyumbani. Yeye na wenzake, wakishirikiana na mafundi wa viti wa Afrika Mashariki, walibuni kiti chenye vyuma viwili virefu vya kusukuma. Ukishika juu unapata nguvu za kupanda kilima. Ukishika chini unakwenda mbio mahali tambarare. Cheni na vipuri vingine ni vya baiskeli, hata fundi wa kijijini aweze kuvitengeneza.

Lakini mwaka 2009 kilipojaribiwa Afrika Mashariki, wenye kukitumia hawakupiga makofi tu. Walisema wazi: nje ni kizuri, ndani ya nyumba kinatusumbua, ni kizito na ni kipana. Wanafunzi wakarudi mezani, wakapunguza uzito na upana. Je, watu wale wangenyamaza kwa heshima, kiti kingerekebishwa na nani? Mwenye kukaa kwenye kiti ndiye aliyekuwa mwalimu wa injinia.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSAINI

Kikundi chetu sasa kina maswali sita. Yaandikeni.

1. Shida hii tumeitaja sisi, au wameichagua wao kabla ya kutuona?

2. Kila kipuri kinapatikana katika mji ulio karibu? Kwa bei gani? Watuonyeshe duka.

3. Ni fundi gani wa hapa atakayefanya kazi nao tangu siku ya kwanza, mpaka aweze kuifungua mashine na kuifunga peke yake?

4. Wakiondoka, ni nani atakayejibu barua zetu? Tunataka jina la mwalimu au ofisi, kwa sababu mwanafunzi atamaliza shule.

5. Ripoti watakayoandika, tutapata nakala? Na michoro ya mashine je?

6. Sisi tutachanga nini sasa, na kila mwezi tutaweka shilingi ngapi za matengenezo?

Swali la sita ni letu wenyewe. Ile pampu yetu ya kwanza hatukuwa tumewekea hata senti moja. Tuliwalaumu wanafunzi, na sisi pia tulikuwa tumelala.

YALIYOTUPATA BAADAYE

Chuo kingine kilipotuandikia, tulijibu kwa maswali haya sita. Wazee wengine walinung'unika, ati katibu anafukuza wageni. Miezi mitatu ikapita kimya. Nakiri nililala vibaya siku hizo. Kisha mwalimu wao akajibu swali moja baada ya jingine, akaongeza kwamba hajawahi kuulizwa hivyo na kijiji chochote, na kwamba anashukuru.

Wanafunzi wake walipokuja, wiki ya kwanza hawakushika spana. Walichota maji mtoni pamoja na akina mama. Baadaye wakasema pampu mpya haihitajiki. Wakaifungua ile ya zamani mbele ya fundi wetu wa baiskeli, wakabadilisha sehemu ya ndani ili itumie washa ya ngozi inayouzwa mjini. Fundi aliifungua na kuifunga mara tatu, wao wakimtazama tu. Washa imekwisha kuchakaa mara mbili tangu waondoke, na kila mara fundi ameibadilisha kwa pesa za kikundi, kazi ya asubuhi moja.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mwenyeji aliyenyamaza hatapona. Mpokeeni mgeni, mpeni chai, kisha toeni karatasi ya maswali.

Yule mama bado hupita mbele ya boma langu. Siku hizi hasimami kuuliza, anaharakisha kwenda kisimani kabla foleni haijawa ndefu.