Kujua pa kuishia

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita mpwa wangu alikuja nyumbani jioni akiwa na uso uliokunjamana. Ameomba kazi ya kuandika programu za kompyuta, na waajiri wamempa chemshabongo ya kurudisha kesho yake asubuhi: chukua jedwali la namba, uligeuze kama linavyoonekana katika kioo. Katika kila mstari, namba ya kushoto iende kulia, na ya kulia ije kushoto.

"Mjomba," akaniambia, "nadhani kompyuta hii ni mbovu. Naiamuru igeuze, inafanya kazi, lakini jedwali linatoka vile vile lilivyoingia."

Mimi si fundi wa kompyuta, lakini bao nalijua. Nikamwambia, "Mwanangu, lete ubao." Ubao wa bao nao ni jedwali: mistari minne, kila mmoja mashimo manane. Tukachukua mstari mmoja. Shimo la kwanza tukatia kete moja, la pili mbili, hivyo hivyo mpaka la nane, kete nane. Nikamwambia, "Sasa fanya kwa mkono kama ulivyoiamuru kompyuta."

Akazishika mkononi kete za shimo la kwanza, akaleta hapo zile nane, kisha akaitia ile moja katika shimo la nane. Hapo hakukosea. Angeitia kabla ya kuziondoa zile nane, zingechanganyika. Katika kompyuta ni vibaya zaidi, kwani namba mpya huifuta ya zamani. Akabadilisha la pili na la saba, la tatu na la sita, la nne na la tano. Mstari ukasomeka nane, saba, sita, mpaka moja. Kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini yeye akaendelea: la tano na la nne, la sita na la tatu. Alipofika la nane, moja imerudi mwanzo na nane imerudi mwisho. Akaniangalia, akacheka. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Iligeuza mstari, kisha ikaugeuza tena, kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa. Akasahihisha mahali pamoja tu: akaiamuru ikome nusu ya mstari.

Pengine mtauliza, jambo hili linatuhusu nini sisi tusioandika programu? Linatuhusu. Picha ndani ya kompyuta ni jedwali la namba, kila namba ikieleza mwanga wa nukta moja. Siku hizi hata picha ya kifua inayopigwa hospitalini huhifadhiwa hivyo. Ikigeuzwa kimakosa, moyo ulioelekea kushoto utaonekana kulia, na pafu lenye ugonjwa litadhaniwa ndilo zima. Ndiyo maana wapigaji wa picha hizo huweka alama ya kuonyesha upande. Anayeandika programu ya kazi kama hiyo ameshika maisha ya watu.

Wazee walisema, mtaka yote hukosa yote. Mpwa wangu hakuwa mvivu. Alifanya kazi mara mbili ya iliyotakiwa, na ile nusu ya pili ikaifuta ya kwanza. Majibu ya waajiri bado tunayangoja.

Nami, ndugu wasikilizaji, naishia hapa. Kwaherini.