Sumu ya Mahindi Huacha Alama Katika Damu
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Diff)



Leo tuzungumze juu ya sumu isiyoonekana. Hapa Diff sisi ni watu wa mifugo. Mahindi twayapata dukani, au yanaletwa ya msaada wakati wa ukame. Gunia limetoka mbali, na hatujui lilinyeshewa wapi. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Haina harufu, na kuchemsha sufuriani hakuimalizi.

Mwaka 2004 sumu hii iliingia Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Macho yaligeuka manjano kwa kuwa ini limeharibika. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa ndani kabla ya kukauka. Damu ilipopimwa, wagonjwa walikutwa na alama za sumu nyingi kuliko majirani wazima.

Alama hiyo ni nini? Aflatoksini ikifika kwenye ini, sehemu yake hushikana na protini ya damu iitwayo albumini. Hukaa humo wiki nyingi, hata miezi miwili. Sehemu nyingine hutoka kwa mkojo upesi. Basi mkojo unaeleza chakula cha jana na juzi, lakini damu inaeleza chakula cha msimu.

Sasa mtauliza, maabara iko mbali, damu itafikaje bila barafu? Kina mama wanajua tayari. Mtoto mchanga akipimwa virusi vya Ukimwi, anachomwa kidogo kisiginoni, matone yanawekwa kwenye karatasi maalum, yanakauka, kisha yanasafirishwa kama barua. Wataalamu wameonyesha kwamba alama ya aflatoksini pia inaweza kupimwa katika tone lililokauka. Mkojo nao huweza kukaushwa kwenye karatasi vivyo hivyo.

Lakini tuelewane: kipimo si dawa. Hakuna dawa ya kuitoa sumu hii mwilini. Faida ya kipimo ni kutuonyesha kijiji kinachokula sumu kabla ya macho kugeuka manjano. Kenya ilikuwa na damu iliyohifadhiwa kutoka uchunguzi wa Ukimwi wa mwaka 2007. Sampuli 600 zilipopimwa, 78 katika kila 100 zilikuwa na alama. Wanaume na wanawake, wazee na vijana, wenye mali na wasio nayo, hawakutofautiana. Basi asiseme mtu, "Hayo ni ya wengine."

Siku wakija watu kuomba damu au mkojo, tusiwakimbie, wala tusitoe tu kimya kimya. Tuwaulize:

1. Mnapima nini hasa?
2. Majibu mtatuletea lini, na kwa lugha gani?
3. Karatasi zitakazobaki mtazifanyia nini?
4. Mahindi yetu mtayapima pia? Damu inasema sumu imeingia. Haisemi imetoka gunia gani.

Mtoto asichomwe bila idhini ya mzazi. Na anayekataa asinyimwe chakula wala matibabu.

Tusingoje kipimo, lakini. Magunia yasikae chini wala kuegemea ukuta. Yawekwe juu ya mbao. Mahindi yenye unyevu yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa vizuri, uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, bado yana unyevu. Yaliyooza, kuvunjika au kubadilika rangi yatolewe. Hata hivyo, punje nzuri kwa macho huweza kuwa na sumu, ndiyo maana vipimo vinahitajika.

Na mahindi mabovu tusiwape mbuzi, ng'ombe wala ngamia. Sumu hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo tunayowapa watoto.

Basi kila kikundi kichague watu wawili wa kukagua magunia yanapofika, kabla hayajagawanywa. Wakiona kuvu, ugawaji usimame, na afisa wa afya aarifiwe siku hiyo hiyo.