Vimbunga vya sumaku

Mwaka 2009 wanafizikia wa Ujerumani walielekeza nyutroni kutoka kinu cha nyuklia cha Garching, karibu na Munich, kwenye fuwele ya manganizi na silikoni. Waligundua kwamba sumaku za atomu zake hujipanga kama vimbunga vidogo, vikiachana kwa takriban nanomita 20, yaani maelfu ya mara chini ya unene wa unywele. Vinaitwa skirmioni, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza Tony Skyrme.

Kinachonivutia zaidi ni ukaidi wake: kimbunga hicho hakifumuki kirahisi, ilhali mkondo hafifu tu wa umeme hukisukuma. Ndiyo maana watafiti wanataka kukitumia kuhifadhi data kwa umeme kidogo. Na silikoni, tukumbuke, tayari imo katika kila simu.

Kikwazo ni baridi. Fuwele hiyo ya manganizi na silikoni huwa na vimbunga hivyo kwenye takriban nyuzi 244 chini ya sifuri. Hakuna simu inayoweza kubeba baridi hiyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, utafiti huu unastahili kila senti inayotumika.