Gharama, Leseni na Vibali vya Mtengenezaji wa Bustani

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa Nduruma katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu



Leo tunapoadhimisha miaka 10 ya umoja wetu, wengi watasimama hapa kusema habari za mahindi, maharage na mboga, na ni haki yao, maana hayo ndiyo yaliyotulea. Mimi nimeombwa kusema habari za kazi iliyozaliwa pembeni mwa mashamba yetu bila kupigiwa ngoma, nayo ni kazi ya kutengeneza bustani. Kila asubuhi vijana wetu huenda mjini Arusha na majembe yao na mipira yao ya maji. Hupanda ukoka mbele ya nyumba mpya, hukata ua wa michongoma, hupanda miti na maua katika viwanja vya hoteli na ofisi. Wengine wamefungua vitalu vya miche humu humu Nduruma.

Kazi hii ni njema. Lakini wengi huitoka mikono mitupu, na sababu si uvivu wala ukosefu wa ujuzi. Sababu ni kwamba wanahesabu jembe, hawahesabu karatasi wala maji.

Nami nilikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu watano tulipewa kazi ya kupanda ukoka katika kiwanja cha taasisi moja mjini. Tulipatana bei kwa mdomo, tukafanya kazi kwa bidii, na ukoka ukashika vizuri. Siku ya kwenda kudai ujira wetu, karani akatuuliza: "Namba yenu ya mlipakodi iko wapi? Na leseni yenu?" Hatukuwa nayo hata moja. Ukoka ulikatwa mara mbili kabla sisi hatujaona senti, na mmoja wetu aliuza mbuzi ili vibarua walipwe. Karani yule hakutuonea. Tulikuwa tumeuza kazi ambayo hatukuwa tumejiandaa kuiuza.

Basi, ndugu zangu, tuanze na hesabu. Chukueni mfano huu, ambao ni wa kujifunzia tu wala si bei ya soko. Kijana amepatana kazi kwa shilingi 1,000,000. Ukoka ni 300,000, samadi na udongo 120,000, lori 130,000, vibarua 250,000. Jumla ni 800,000, naye anashangilia faida ya 200,000. Lakini amesahau kumwagilia mpaka ukoka ushike, 90,000. Kurudishia sehemu zilizokauka, 40,000. Kuchakaa kwa majembe, toroli na mipira, 20,000. Na sehemu ya gharama ya karatasi zake za mwaka, 30,000. Tena, mlipaji akiwa taasisi, hukata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma nyingi ni asilimia 5, yaani 50,000. Fedha hiyo haikupotea, kwa kuwa huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka, lakini siku ya kulipa vibarua haimo mfukoni. Jumlisheni yote yaliyosahauliwa: ni 230,000. Faida aliyoishangilia imekwisha, na mfuko wake umepungukiwa na 30,000.

Sasa nije kwenye karatasi zenyewe. Ya kwanza ni namba ya mlipakodi, ambayo Mamlaka ya Mapato huitoa bila malipo. Mtu yeyote akikudai fedha kwa ajili ya namba hiyo, ujue si fedha ya serikali. Ya pili ni leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 yamtaka kila afanyaye biashara awe nayo, na kwa biashara ndogo za namna yetu hutolewa na halmashauri. Kumbukeni kwamba Nduruma iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na mjini kuna Halmashauri ya Jiji. Yafaa mtu aulize mapema aombe wapi, kulingana na mahali biashara yake ilipo, kabla ya kulipia. Na atakayetumia jina la biashara lisilo jina lake mwenyewe hana budi kulisajili kwa BRELA.

Baada ya hapo vibali hufuata kazi. Kupanda maua ni kazi ya bustani. Bali kujenga ukuta wa kuzuia udongo, mifereji ya zege au barabara ya mawe ni ujenzi. Huko ndiko iliko Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997, na Bodi yake hugawa makandarasi wa majengo katika madaraja 7, la 7 likiwa la chini kabisa. Asiyesajiliwa asikubali kazi hiyo kwa kuwa tu mwenye nyumba amemwambia hakuna atakayeona. Vivyo hivyo, asipande mti wala kuweka kitalu katika hifadhi ya barabara bila idhini. Kwa barabara kuu na za mkoa, aulize TANROADS. Kwa barabara za wilaya na za mitaa, aulize TARURA.

Mchanga na mawe nayo yana sheria, kwa kuwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huyahesabu kuwa madini ya ujenzi. Nunueni kwa mwenye leseni, na mtunze stakabadhi. Wala tusichimbe udongo kando ya mto wetu, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji zikiweza kukiharibu. Na mwenye kutaka mimea kutoka nchi za nje aende kwanza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha.

Nimeyaacha maji yawe ya mwisho kwa sababu ndiyo mazito. Mto Nduruma hutoka Mlima Meru, na kabla haujatufikia sisi wa tambarare umekwisha kunywewa na mifereji ya juu na mashamba makubwa ya maua na mboga. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haimdai kibali mtu achotaye ndoo ya matumizi ya nyumbani; bali anayeyageuza maji ya mto kuingia katika biashara yake hana budi kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na kulipia. Kitalu cha miche ni biashara. Mwenye kitalu anayefungua mfereji usiku, nje ya zamu, anachukua mahindi ya jirani yake. Tena kibali hakileti mvua. Mwaka wa ukame, mwenye kibali na asiye nacho wote wataketi mbele ya kamati ya mfereji na kugawana kidogo kilichopo.

Ndugu Mwenyekiti, mtu mmoja akizibeba karatasi zote hizi peke yake, zitamlemea. Wapo wanaokimbilia kuazima leseni ya mwingine. Hilo si jawabu, maana leseni ni ya aliyepewa, na mwenye kuiazima hufanya kazi kwa hofu. Jawabu ni lile lililotukutanisha miaka 10 iliyopita. Naleta shauri mbele ya mkutano kwamba Chama kiwe na idara ya bustani iliyosajiliwa kwa haki, yenye namba, leseni na vitabu vyake, na vijana wetu wafanye kazi humo wakiwa wanachama. Kitalu kimoja chenye kibali cha maji kitatunzwa na kukaguliwa kuliko vitalu 20 vya kujificha.

Milango ipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imedumisha fungu la asilimia 30 la ununuzi wa umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini kikundi kisichosajiliwa hakiingii katika milango hiyo, hata ukoka wake uwe mzuri namna gani.

Haba na haba hujaza kibaba. Ada ya leseni ni haba. Stakabadhi ya mchanga ni haba. Zamu ya maji iliyoheshimiwa ni haba. Tuziweke pamoja, ili kijana wetu akiulizwa na karani, "Karatasi zako ziko wapi?" azitoe kwa utulivu, apokee ujira wake siku ile ile, na arudi Nduruma kabla jua halijatua.