Mabati Tumepeleka, Sasa Tupeleke Mtu

Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka ya chama

  

Kamati ya Fedha huwa tunasimama hapa mara moja kwa mwaka, tunasoma mapato na matumizi huku pilau linanukia na ninyi mnatazama saa. Mwaka huu hesabu zote zimo kwenye kijitabu, zimekaguliwa, na stakabadhi zipo kwa anayetaka kuziona. Dakika hizi tumeziomba kwa jambo jingine. Tumekuja kueleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, na kuomba fedha za kulirekebisha.

Miaka miwili iliyopita tulipokea barua kutoka shule moja ya msingi huko nyumbani. Mwalimu mkuu hakuomba saruji wala madawati. Alieleza kuwa kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyewahi kusomea unasihi, anayefika shuleni mara mbili kwa wiki kuzungumza na watoto wenye mzigo moyoni, pamoja na walezi wao. Mama huyo hadai mshahara. Mwalimu aliomba chama kimsaidie nauli ya bodaboda, shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa kuwa milima yetu mnaijua na magoti ya mama yule yamechoka.

Tukakaa kikao. Tukaulizana: mradi huu utaacha nini? Iko wapi mali ya kuandika kwenye daftari? Matokeo yatapimwaje? Juu ya barua ile tukaandika: "Hauna tija inayopimika." Mwezi huohuo tukapeleka mabati 60 kwa ajili ya jiko la shule nyingine, tukapiga picha, na picha ile tukaiweka kwenye kijitabu cha mwaka ule.

Mwaka jana, tulipokuwa tunalinganisha hesabu za mfuko wa yatima, kitu kimoja hakikukubali. Kulikuwa na mtoto ambaye kwenye vitabu vyetu ameandikwa "amelipiwa kikamilifu": sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana. Lakini shule ilikuwa imerudisha mchango wa chakula wa muhula mzima, kwa sababu mtoto hakula pale hata siku moja. Hakuwa anakwenda shule. Wajumbe wawili wa kamati tukapanda basi hadi Mombo, tukapandisha Soni hadi Lushoto, na kutoka pale bodaboda mpaka kwa bibi yake.

Haya tunayoyasema bibi ameyaridhia, na baadhi ya mambo tumeyabadilisha ili mtoto asitambulike. Tunaomba mtu yeyote asijaribu kumtafuta.

Bibi alitukaribisha chai. Akatuambia, "Wanangu, sare mlizoleta zipo. Na viatu vipo, maana analala navyo." Tulidhani anasema kwa mafumbo. Kumbe mtoto wa miaka 11 alikuwa analala amevaa viatu vya shule, kamba zimefungwa. Kukicha havui, ila haendi popote. Hagombi, halii, hasemi. Jirani mmoja alishauri achapwe. Mwingine alisema kachezewa. Bibi alikuwa ameshazunguka kote alikoelekezwa, na kuku wake wawili walishakwenda na safari hizo.

Yule mama wa kwenye barua alikuwa ameanza kufika pale kwa miguu yake, bila nauli yetu. Hakumhoji mtoto. Siku ya kwanza alikaa naye wakachambua maharage. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne, macho yakiwa kwenye ungo, mtoto akaanza kusema. Usiku ule mama yake alipopelekwa hospitali, yeye alikuwa amelala. Alipoamka gari lilishaondoka. Akakimbia peku mpaka barabarani, gari halikusimama. Mama hakurudi, na watu wazima wakamwambia mama amesafiri. Basi akaamua kuwa gari likija tena, litamkuta tayari.

Ndugu wajumbe, viatu vile tulivinunua sisi. Stakabadhi yake tunayo.

Mnasihi hakuishia kwa mtoto. Alikaa na bibi pia, kwa sababu bibi alikuwa amefiwa na binti yake na tangu msiba uishe hakuwa amepata nafasi ya kumlilia. Alijua kwamba mtoto anastahili kuambiwa, ila hakujua aanzie wapi. Mnasihi alimsaidia kutafuta maneno, na bibi mwenyewe ndiye aliyemweleza mjukuu wake ukweli. Kisha wakaenda kaburini pamoja. Mtoto amerudi shule. Zipo siku bado anakosa, hasa gari likipita usiku. Lakini viatu sasa vinakaa chini ya kitanda.

Kwa hiyo tumejifunza mnasihi ni nani. Ni mtu aliyefundishwa kusikiliza bila kuhukumu, anayejua kuwa mtoto mdogo mara nyingi huonyesha huzuni kwa mwili na tabia kabla hajaisema kwa mdomo: kukojoa kitandani alipokuwa ameshaacha, kuumwa tumbo kila asubuhi, hasira, ukimya, kushuka ghafla darasani. Hufanya kazi na mtoto kwa kuchora, kucheza na kuzungumza, na hufanya kazi na mlezi, kwa sababu mtoto ataishi na mlezi siku zote saba za wiki, na mnasihi atamwona saa moja tu.

Tumejifunza pia asiye. Mnasihi hachukui nafasi ya daktari. Mtoto mwenye kifafa, au kijana anayesikia sauti wasizozisikia wengine, anahitaji dawa, na kazi ya mnasihi ni kuitambua hali hiyo mapema na kuhakikisha familia inafika hospitali. Hachukui nafasi ya sheikh wala mchungaji. Hao wana kazi yao, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kumwelekeza mtu kwake. Anatunza siri, isipokuwa pale maisha ya mtoto yakiwa hatarini au akiwa anafanyiwa ukatili. Hapo anawajibika kumfikia afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Na kila mmoja wetu aijue namba ya simu kwa ajili ya watoto, 116, inayopigwa bure.

Tunajua aibu iliyopo. Kwetu mtu akitajwa na Lutindi katika sentensi moja, watu hucheka. Lakini hospitali ile, hapo juu Korogwe kwenye milima yetu hiihii, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani. Kabla ya kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, palikuwa mahali pa watoto waliopoteza kila kitu. Wageni waliliona hitaji la watoto kwenye milima yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi wenyewe wenye milima tumekuja kuliona kupitia hesabu isiyokubali.

Mtatuuliza kama tatizo ni kubwa kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Wahasibu hatuwezi kuona uwiano tukaacha kuupigia hesabu: kwa kipimo hicho, darasa la watoto 49 lina saba. Tulijenga darasa lile. Hatukujua wale saba wamekaa dawati gani.

Mtatuuliza pia kama inawezekana kijijini, bila wataalamu wenye shahada. Hapo jirani zetu wa Moshi wametutangulia. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Baadhi yao waliwekwa kwenye vikundi vilivyokutana mara 12, na walezi wao wakawa na vikundi vyao. Wanasihi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia; walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Vikao vilipoisha, katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa watoto wa vikundi kuliko kwa wenzao. Na kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu, tunasema na upande wa pili: mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilionekana bado upande wa Kenya, na upande wa Moshi makundi yalikuwa yamekaribiana. Hii si dawa ya kila kitu. Ila barua yetu ya "hauna tija inayopimika" ilikuwa na kosa: inapimika, na imepimwa.

Na tuseme jambo moja linalotuhusu sisi tuliopo ukumbini. Nani anawalea watoto kule? Ni mabibi, wakati sisi tuko Kariakoo, ofisini na barabarani. Mtoto akitusumbua mjini, tunasema apelekwe nyumbani akapate malezi. Ndoa ikivunjika, watoto wanapandishwa basi. Ndugu akifariki, tunafanya kikao cha msiba, tunagawana watoto kabla turubai halijashushwa, na Jumatatu tuko kazini. Kila mwezi tunatuma hela, na hela inafika. Bibi anabaki na mtoto asiyesema, na hana wa kumuuliza.

Sasa bajeti. Tunaomba wanasihi wawili kwa kuanzia: mama yule, ambaye amekubali, na kijana mmoja wa kwetu atakayefundishwa na kufanya kazi chini yake. Posho ya kila mmoja ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, wote wawili ni shilingi 6,000,000. Nauli za bodaboda, shilingi 80,000 kila mmoja kwa mwezi, ni 1,920,000. Mtaalamu wa afya ya akili atakayepanda mara moja kwa mwezi kuwasimamia na kusikiliza kesi ngumu, 1,800,000. Mafunzo, 2,400,000. Vocha za simu, madaftari, rangi za kuchorea na kabati lenye kufuli la kutunzia kumbukumbu, 480,000. Jumla ni shilingi 12,600,000.

Mlinganishe wenyewe. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa nchini, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Tunachoomba kwa mwaka mzima ni pungufu ya darasa moja. Wanachama wetu tuliolipia ada ni 210. Tukigawana sawa, ni shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi.

Tunaomba ahadi ya miaka mitatu. Mwaka wa pili na wa tatu mafunzo hayapo, hivyo kila mwaka ni 10,200,000, na jumla kwa miaka mitatu ni shilingi 33,000,000. Msitupe fedha za mwaka mmoja. Jengo likisimamishwa njiani, kuta zitasubiri. Mtoto aliyeanza kusema siku ya nne, ya tano akakuta aliyekuwa anamsikiliza hayupo, tutakuwa tumemfanyia lilelile lililomfanya avae viatu usiku.

Taarifa mtapata kila robo mwaka: vikao vingapi, familia ngapi zimetembelewa, wangapi wamepelekwa hospitali, wangapi wamerudi darasani. Majina hamtayapata, hata mjumbe akiwa mjomba wa mtoto, hata akiwa mweka hazina. Na picha hazitakuwepo. Kwenye kijitabu cha mwaka kesho, ukurasa huu utakuwa na namba tu, hauna mtu anayekata utepe. Tunawaomba mtuvumilie.

Barua ya mwalimu mkuu bado iko kwenye faili, na maneno yetu ya wino mwekundu yapo juu yake. Hatutaichana, kwa sababu kumbukumbu za chama hazichanwi. Tunachoomba ni ruhusa ya kuandika jibu la pili chini ya lile la kwanza, leo hii, kabla hatujatoka ukumbini. Kadi za ahadi ziko mezani. Kalamu pia zipo.