Mbwa Mwerevu Hatulii Nyumbani

Ndugu msikilizaji, juma hili bei ya kahawa naiweka kando, na barabara zetu nazo naziweka kando. Nataka kuzungumza juu ya mbwa. Najua wapo watakaoguna kwamba redio imeishiwa habari. Waache wagune, lakini wasizime redio, kwa maana jambo lenyewe linawahusu watoto wao.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kayanga hapa Karagwe, tumepata mbwa mpya. Aliletwa akiwa mdogo, ndani ya kapu, juu ya bodaboda, kutoka kwa shemeji yangu huko Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Watoto wakampa jina la Kachero, kwa sababu siku ya pili tu alifukua migombani kiatu cha mama yao ambacho sote tulikwisha kata tamaa ya kukiona. Jina la mbwa si jambo dogo. Mzee mmoja jirani yetu wake anaitwa Watasema, na kila jioni mzee anapomwita kwa sauti ya juu, zipo nyumba mbili pale kijijini zinazojua kwamba zinaambiwa zenyewe.

Kachero ana akili, jamani. Pikipiki zinazopita njia yetu ni nyingi, lakini yangu anaitambua ikiwa bado chini mtoni, na huenda kukaa langoni kabla mtu yeyote nyumbani hajasikia kitu. Tunapoanika kahawa ya maganda kwenye turubai, yeye hulala pembeni kama asiyehusika. Kuku akikanyaga tu, anainuka. Hamng'ati, anamsukuma kwa pua mpaka ashuke, kisha anarudi kulala. Hakuna aliyemfundisha. Siku za shule huwasindikiza watoto. Jumamosi hajisumbui hata kuinua kichwa, na mimi mpaka leo sijui kalenda hiyo anaisomea wapi.

Nisije nikaonekana namsifia mbwa wangu kama mzazi anayesifia mtoto wa darasa la kwanza. Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Huko Marekani, profesa mstaafu wa saikolojia, John Pilley, alimfundisha mbwa wake aitwaye Chaser majina ya vitu vya kuchezea 1,022. Ukimtajia kimoja, anakwenda kukichukua hicho hicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kachero wetu hajafika huko, ila neno “bucha” analijua vizuri sana, na tumelazimika kulitaja kwa mafumbo.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Lango letu hufungwa kwa kitanzi cha waya. Juma la tatu tu Kachero aligundua kwamba kitanzi kile kinainuliwa kwa pua. Tangu hapo anatoka apendavyo. Anapita shuleni saa ya uji, kwa sababu watoto humwagia makombo. Anapita machinjioni. Siku ya gulio hatumwoni mpaka jioni. Mbwa mjinga hulala chini ya mgomba akingoja ugali wake. Mwerevu anazijua njia zote za kijiji, na kila njia ina mbwa wengine, wenye wenyewe na wasio na wenyewe. Wenzetu wa Kyerwa wanaoishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa wana mbweha pia, na mbweha naye huweza kubeba kichaa cha mbwa.

Nilipomweleza mzee wa Watasema kwamba nataka Kachero achanjwe, alicheka. “Mwanangu,” akasema, “mbwa mwenye akili kama huyu atamkwepa mwenye kichaa. Halafu sindano inampunguzia mbwa ukali.” Mzee namheshimu, na shikamoo yake naitoa kila asubuhi, lakini hapa sikubaliani naye. Kirusi cha kichaa hakina habari na akili. Kinaingia kwa mate, katika jeraha la kung'atwa, kinatambaa taratibu katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mbwa aliyekuwa anakujua kwa mlio wa pikipiki hakutambui tena. Na si wote wanaokimbia ovyo huku wanatoa povu. Wengine hupoa tu, wanajificha gizani, wanashindwa kumeza, na mtoto mwenye huruma anaingiza mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Kuhusu ukali, chanjo haiupunguzi. Watasema mwenyewe hajapata kuchanjwa, na wezi wa ndizi wanapita kwake kama kawaida!

Mwaka jana huko Kyerwa nilizungumza na mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka saba aling'atwa na mbwa wao wenyewe. Si mbwa mzururaji, ni mbwa wa nyumbani, ambaye watoto walikuwa wakimpanda kama farasi. “Alikuwa na akili kuliko baadhi ya watu,” mama yule aliniambia. Kwa bahati, yupo jirani aliyejua la kufanya. Alikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, wakati wengine wakitaka kupaka mafuta ya taa na majani. Kisha ikaanza safari ya kutafuta chanjo. Zahanati ya kwanza haikuwa nayo. Ya pili ikawaelekeza kwingine. Sindano zenyewe si moja, ni kadhaa, kwa tarehe zilizopangwa, na kila tarehe ina nauli yake. Baba akauza kahawa ikiwa bado mtini, ile biashara ya butura tunayoilaani hapa kila msimu. Mtoto alipona kwa sababu walifika kabla dalili hazijaanza. Dalili zikishaanza, ndugu msikilizaji, karibu kila mgonjwa hufa, awe Nkwenda au London.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Shamba zima la kahawa kwa chanjo ya mtoto, au sindano moja ya mbwa kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa huambukizwa na mbwa, na kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Haya si maneno ya Ulaya tu. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoka tena. Pemba ni kisiwa, mtasema, na sisi tuna Uganda ng'ambo ya mto Kagera na Rwanda upande wa pili. Ni kweli. Mbwa hawaonyeshi pasi pale Murongo. Basi hiyo ni sababu ya kuchanja zaidi.

Ninalowadai maafisa mifugo wetu ni tangazo. Chanjo hufika, na watu hupata habari gari likishaondoka. Redio ipo, misikiti na makanisa yapo, wenyeviti wa vitongoji wapo. Siku tatu kabla zinatosha. Na wenye mbwa nao waache kusema mbwa si wao pale anapotakiwa kuchanjwa, halafu akiuawa na gari wanadai fidia.

Mke wangu, ambaye mwanzoni hakutaka mbwa ndani ya uzio, ndiye aliyeulizia tarehe. Ni Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, uwanja wa shule. Mzee wa Watasema amesema atakuja kutazama tu, lakini jana nimemwona akitafuta kamba. Sisi yetu tumeinunua tayari, nene, na lango tumelifunga kwa kufuli, kwa sababu Kachero amekwisha kuinusa ile kamba na tangu juzi anaizunguka kwa mbali.